Timu imekwama, mashabiki 140, kadi 11: tuanzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni katibu wa tawi la mashabiki la timu ya mkoa wetu. Msimu uliopita tulishuka kutoka Ligi Kuu, sasa tupo Championship. Wachezaji wana miezi mitatu bila mshahara, nusu ya kikosi cha kwanza wameshaondoka, na mwenyekiti kila wiki anasema mfadhili yupo njiani. Tawi letu lina watu 140 na limegawanyika. Wazee wanasema tuchange timu isife. Vijana wanasema tususie mechi mpaka uongozi utoke, na wapo wanaotaka kwenda kufunga ofisi kwa kufuli. Kadi za uanachama wa klabu tunazo watu 11. Mimi nipo katikati, kila upande unaniita msaliti. Shabiki wa kweli anafanya nini hapa?
Katibu wa tawi, Nyanda za Juu Kusini

Marahaba, Katibu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nikakwama kwenye sentensi ambayo nadhani uliiandika kwa kupita tu: watu 140, kadi 11. Umeuliza kuhusu kuchanga na kususia, na huko nitafika, lakini ugonjwa wenu naona upo hapo. Mna sauti ya kuimba dakika 90, hamna sauti ya kumwambia mwenyekiti asimame asome hesabu. Watu 129 kati yenu, mbele ya katiba ya klabu, ni wanunuzi wa tiketi. Mwenyekiti anaweza kuwapungia mkono kutoka jukwaa kuu akaendelea na shughuli zake, na hajavunja kifungu chochote.

Tuanze na bakuli, yaani huko kuchanga, maana ndiko kunakowagombanisha.

Yanga kila mtu wa mpira hapa nchini anaijua, hata watani wake. Mei 2017 Yusuf Manji alijiuzulu uenyekiti. Timu ilikuwa imetoka kuchukua ubingwa misimu mitatu mfululizo, na mzigo mkubwa ulikuwa ukibebwa na mfuko wake. Alipoondoka ndipo watu walipojua nyumba ilikuwa na nguzo ngapi. Mishahara ikachelewa, mazoezi yakagomewa, wachezaji wakaanza kuondoka. Mwinyi Zahera, kocha Mkongomani, alifika 2018 akakuta hali hiyo, na msimu wa 2018/19 ukawa msimu wa kutembeza bakuli. Watani walicheka mpaka wakakauka. Ukipita Kariakoo umevaa jezi ya njano na kijani unaulizwa kama umeshaacha chochote kwenye bakuli. Lakini matawi yalichanga, na timu ile ya kuungaunga ikamaliza ligi ikiwa ya pili.

Sehemu ambayo watu huisahau ni hii. Mei 2019 wanachama walipiga kura, wakapata uongozi mpya chini ya Mshindo Msolla. Mwezi uliofuata, Juni, ndipo ikaja ile hafla kubwa ya kuchangisha, Kubwa Kuliko, pale Diamond Jubilee. Angalia mpangilio: kura kwanza, hafla baadaye. Mtu aliyetoa noti yake Juni alijua anampa nani, na alijua yule aliyepewa amechaguliwa na nani. Mwaka 2021 wanachama wakapitisha mabadiliko ya mfumo wa klabu, na Julai 2022 wakamchagua Hersi Said kuwa rais. Kwenye uwanja, msimu wa 2021/22 Yanga ilitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo, baada ya Simba kuuchukua mara nne mfululizo, na 2023 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa mbele ya USM Alger ya Algeria kwa sheria ya bao la ugenini tu.

Wala sisemi bakuli ndilo lililoleta ubingwa. Tusidanganyane, fedha za mfadhili, kampuni ya GSM, ndizo zilizoleta wachezaji wale, na rais mwenyewe alitokea upande wa mfadhili huyo, jambo ambalo wengine tulilitazama kwa jicho la pembeni. Bakuli lilifanya kazi nyingine: liliivusha timu kipindi ambacho hakuna mwenye fedha aliyetaka kuisogelea. Mfadhili hanunui jina lililokufa. Akikuta watu bado wapo, wamejipanga, wanahesabika, anakuja kuzungumza.

Sasa nikueleze yangu, maana nimewahi kulishika bakuli mwenyewe.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa mweka hazina wa tawi la timu ambayo sitaitaja. Ijumaa jioni tukaletewa habari kwamba basi la timu halina mafuta, na mechi ipo Jumapili, ugenini. Tulitandaza jezi moja kwenye benchi la kijiwe cha kahawa, watu wakaanza kutupa. Muuza kahawa, mtu ambaye hata uwanjani alikuwa haendi kwa sababu jioni ndiyo biashara yake, akamimina juu ya jezi mauzo ya siku ile, akajibakizia sarafu chache za chenji. Nilizihesabu mbele ya watu, nikazifunga kwenye ile jezi, nikamkabidhi kiongozi mmoja wa klabu mkononi. Hakuna karatasi. Hakuna aliyedai karatasi, kwa sababu kudai karatasi usiku ule kungeonekana ni kukosa mapenzi. Asubuhi basi lilikuwa palepale, tangi tupu. Timu iliondoka saa nne kwa gari la mkopo, ikafika imechoka, ikafungwa. Zile fedha sijui mpaka leo zilikwenda wapi.

Muuza kahawa hakuniuliza neno. Aliendelea kunisalimia vizuri tu. Lakini miezi miwili baadaye jezi ilipotandazwa tena, yeye alikuwa anaosha vikombe. Akaviosha, akavipanga, akavipangua, akaviosha tena.

Katibu, usiku ule niliharibu kitu kikubwa kuliko mafuta ya basi. Safari iliyofuata sikumpa mtu fedha mkononi. Tulikwenda watatu na dereva mpaka kituo cha mafuta, tukalipa wenyewe pampuni, tukachukua stakabadhi, na jioni nikaibandika kwa gundi ukutani pale kijiweni, juu kidogo ya birika. Ilikaa pale mpaka ikafifia. Watu wasiokwenda uwanjani walikuwa wanasimama kuisoma wakisubiri kahawa yao.

Kwa hiyo wazee wako wana haki wanaposema tuchange. Ila msichangie klabu, changieni kitu. Mafuta ya basi, chakula cha kambi, dawa na vipimo vya mchezaji aliyeumia, nauli ya kijana wa timu ya pili anayetoka kijijini. Vitu vyenye bei, vinavyolipwa kwa muuzaji moja kwa moja, vyenye risiti. Fedha zisikae kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni wewe na hata kama kila mmoja anajua huna tamaa. Fungueni akaunti au Lipa namba kwa jina la tawi, watu wawili watie saini, na wa tatu asiye kiongozi awe anakagua daftari kila mwisho wa mwezi. Mtu akifiwa ghafla, akisafiri, au akibanwa na maisha, daftari linamlinda yeye kabla ya kulilinda tawi.

Mishahara msiiguse. Najua inauma kumwona mlinda mlango wako anakopa unga dukani. Lakini watu 140 hawawezi kulipa mishahara ya kikosi, na mkijikamua mkalipa mwezi mmoja, mnalifunika shimo kwa mkeka. Uongozi utapumua, mwezi unaofuata mtakuta shimo ni lilelile na mkeka umetumbukia. Isitoshe, mchezaji ana njia yake ya kudai. Tangu 2018 kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji ambaye hajalipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuiandikia klabu kuipa angalau siku 15, na isipolipa anavunja mkataba akiwa na haki yake. Mgeni hupeleka shauri FIFA, mzawa huanzia TFF, shirikisho la mpira la nchi, na mkataba wake nao unasema jambo. Hao walioondoka, muulize katibu mkuu wa klabu waliondokaje. Kama waliondoka kwa barua za namna hiyo, deni halikuondoka nao. Klabu isiyolipa deni lililokwisha kuamuliwa inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu, na klabu kadhaa za Kenya na Tanzania zimeionja adhabu hiyo. Ningekuwa mimi, swali la kwanza kwa mwenyekiti lingekuwa hili la madeni, kabla ya kuuliza habari za mfadhili, kwa sababu hakuna mfadhili mwenye akili anayeingia bila kuliuliza.

Na jambo dogo hapa, nalisema kwa sababu najua lipo: kwenye daftari lenu pasiwe na mstari wa mganga. Mimi si mchungaji wala shehe, siwahubirii. Nasema tu kwamba mganga hatoi risiti, na matumizi yasiyo na risiti ndiyo mlango wanaopitia wezi wote. Klabu zimewahi kutozwa faini kwa kupitia mlango usio rasmi au kuruka ukuta ili kukwepa "vitu" vya wenyeji. Yaani unalipa mara mbili, kwa mganga na kwa Bodi ya Ligi.

Vijana sasa. Wanataka kususia, na wewe, nahisi, unaogopa neno hilo. Usiliogope, ila lipime.

Mfano ninaoujua wa kususia kulikofanyika kwa nidhamu ni wa Blackpool, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza. Timu yao ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2010/11, ikapata fedha nyingi za televisheni, ikashuka, kisha ikaporomoka. Mashabiki wakaona fedha ziliingia lakini kwenye timu hazionekani. Kuanzia 2015 wengi wao waliacha kuingia uwanjani, na msimamo wao ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto angeuelewa: hatutoi hata senti moja zaidi mpaka familia inayoimiliki klabu iondoke. Tiketi hawakununua, jezi hawakununua, hata soda ya uwanjani hawakununua. Miaka minne, Katibu. Wapo wazee waliofariki ndani ya miaka hiyo hawajarudi kuiona timu yao. Na walikuwa wanafika: walisimama nje ya geti na mabango, waliwafuata wachezaji mechi za ugenini ambako fedha za tiketi ziliingia mfuko mwingine, walikutana, walikuwa na chama.

Na bado susio peke yake halikumwondoa mtu. Kilichomwondoa ni mahakama. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru wamiliki wamlipe mwanahisa mwenzao zaidi ya pauni milioni 31, na deni lilipochelewa, Februari 2019 ikamteua msimamizi wa kushika mali, akamwondoa mmiliki kwenye bodi. Tarehe 9 Machi 2019, mechi na Southend, uwanja uliozoea viti vitupu ukapokea karibu watu 16,000. Mechi iliisha 2-2, nadhani hakuna aliyekuwa anajali.

Susio lao liliwaweka pamoja na likawanyima wamiliki uhalali, na mlango wa sheria ulipofunguka walikuwepo wa kuingia. Sasa lilinganishe na la vijana wako. Nyinyi mpo Championship, mapato ya mlangoni ni kidogo, na yakishakatwa makato yake yote kinachobaki pengine hakifiki gharama ya safari moja ya ugenini. Mwenyekiti wenu haishi kwa viingilio vyenu. Mkisusia, yeye hataona pengo. Watakaoliona ni wale vijana 18 wanaocheza bila mshahara, ambao watatoka kupasha misuli wakute majukwaa ya mzunguko yana mbuzi. Mwanafunzi wa sekondari anayejifunza kuipenda timu naye ataliona.

Kama vijana wanataka kuonyesha hasira, na wana haki ya hasira, wachague kitu kinachomgusa aliyekosea. Dakika 10 za kwanza kaeni kimya kabisa, mzunguko mzima, bila ngoma, bila vuvuzela, kisha mshangilie mpaka mwisho. Ukimya wa watu 500 waliozoea kupiga kelele unasikika mpaka jukwaa kuu, hata mgeni rasmi atauliza kuna nini. Au bango moja lenye swali moja: HESABU ZA MSIMU ULIOPITA ZIKO WAPI? Msiandike jina la mtu, msiandike tusi, msiandike "mwizi". Neno mwizi litawapeleka polisi mkaulizwe ushahidi, na ushahidi hamna; mna mashaka tu, na mashaka yanajibiwa na hesabu.

Kufuli hapana. Kwa hili sina "lakini". Mwenyekiti aliyekosa la kujibu anatafuta sababu, na nyinyi mnataka kumpelekea sababu mpaka mlangoni. Kesho yake hatazungumzia mishahara; atazungumzia wahuni. Ndivyo ilivyo pia kwa chupa zinazorushwa na viti vinavyong'olewa, maana faini hutozwa klabu. Timu isiyo na fedha ya maji ya kunywa inalipa faini kwa ajili ya mtu aliyedhani anaipenda.

Nimesikia pia pendekezo ambalo hukuliandika, lakini kwenye migogoro ya namna hii halikosekani: tujitenge tuanzishe timu yetu. Mpira wetu una kumbukumbu nalo. Mgogoro wa ndani ya Yanga katikati ya miaka ya 1970 ndio uliozaa Pan African. Ilikuwa timu hasa, yenye wachezaji hasa. Leo waulize hao vijana wako wangapi wamewahi kuiona ikicheza. Watakutajia Wimbledon ya London, na kweli, 2002 waliporuhusiwa wamiliki kuihamishia timu mji mwingine kabisa, Milton Keynes, mashabiki walianzisha AFC Wimbledon, wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi, wakaanzia daraja la tisa, wakapanda mpaka ligi za kulipwa 2011, na 2020 wakarudi mtaani kwao Plough Lane. Lakini wao waliporwa timu, ikabaki nafasi tupu mtaani nao wakaijaza. Yenu haijahama, ipo palepale, imeugua tu.

Turudi kwenye kadi, maana hapo ndipo wazee na vijana wako wanaweza kukaa meza moja.

Klabu za wanachama hapa kwetu zina utajiri ambao mashabiki wa nchi nyingi wanaulilia, nasi tumeuacha kabatini. Utaratibu wa serikali kupitia Baraza la Michezo la Taifa, BMT, ni kwamba klabu ya wanachama ikikaribisha mwekezaji, wanachama wabaki na asilimia 51, mwekezaji asizidi 49. Simba walipoingia kwenye mabadiliko hayo mwaka 2017, tajiri Mohammed Dewji aliahidi shilingi bilioni 20 ili awe mwekezaji. Watu wanabishana mpaka leo kuhusu utekelezaji wake, lakini kwenye mjadala ule kila mwenye kadi alikuwa na kura. Wa Portsmouth kule Uingereza walilazimika kuinunua haki hiyo: timu yao ilichukua Kombe la FA 2008, miaka minne baadaye ilikuwa imeshawekwa chini ya ufilisi mara mbili, na Aprili 2013 mashabiki wakaiokoa kwa hisa za pauni 1,000 kila moja. Wengine walinunua kwa vikundi vya marafiki. Waliiendesha wakamaliza madeni, wakapanda daraja 2017, na mwaka huohuo wakapiga kura wenyewe kuiuza kwa tajiri Mmarekani kwa sababu waliona uwezo wao umefika ukingoni. Wapo wanaoliona hilo kama kushindwa. Mimi naona ni watu waliofanya biashara na vitabu vyao vikiwa wazi.

Nyinyi hamhitaji pauni 1,000. Mnahitaji bei ya kadi na ada ya mwaka. Vijana watakwambia, tuwape tena hawa hela zetu? Waambie katika fedha zote watakazoitolea timu hii, ya kadi ndiyo pekee inayorudi ikiwa kura. Wanaoshindwa kulipa kwa mkupuo wachangiane kwa zamu kama mchezo wa upatu, watu 10 kwa 10. Na anzeni mapema, kwa sababu katiba nyingi humwekea mwanachama mpya muda kabla ya kupiga kura. Anayenunua kadi wiki ya uchaguzi anaishia kuwa mtazamaji.

Mtakutana na kikwazo, nakuambia kabisa. Mkifika ofisini 40 kwa pamoja mtaambiwa kadi zimeisha, au anayezitia saini amesafiri. Msigombane. Andikeni barua yenye majina ya waombaji wote, pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakikataa kugonga muhuri, itumeni kwa rejesta posta. Nakala nyingine iende kwa afisa michezo wa mkoa, na ikilazimika, kwa msajili wa vyama vya michezo pale BMT. Kiongozi anayezoea kelele za uwanjani hushtuka sana akiona karatasi yenye nakala kwa watu wengine chini kushoto.

Mkishakuwa wengi wenye kadi hai, katiba yenyewe itawaambia ni wanachama wangapi wanaweza kuomba mkutano mkuu wa dharura. Ombeni, na ajenda iwe moja: hesabu na madeni. Msiweke "kumwondoa mwenyekiti". Hesabu zikisomwa vizuri, pengine mtagundua amekuwa akilipa baadhi ya vitu mfukoni kwake na kuona aibu kusema; nimeliona hilo. Zikisomwa vibaya, ajenda ya pili mkutano wenyewe utaizaa.

Kuhusu mfadhili aliye njiani, majirani zetu Kenya wana la kusema. SportPesa ilipojiondoa 2019 kwa mgogoro wa kodi na serikali, Gor Mahia na AFC Leopards, timu mbili zenye watu wengi kuliko zote nchini humo, zilibaki mikono mitupu ndani ya wiki. Walikuwa hawajakosana na mfadhili kwa lolote, kodi tu. Hao hao Gor walikaa bila ubingwa wa ligi kuanzia 1995 mpaka 2013, miaka 18, mtoto anazaliwa mpaka anapata kitambulisho, na uwanja haukuhamwa. Wafadhili walikuja na kuondoka katikati ya miaka hiyo. Kwa hiyo mfadhili akifika, mkaribisheni, mpeni kiti, kisha mwanachama mmoja mwenye kadi asimame aulize mkataba ni wa muda gani na ukivunjika jina, nembo na uwanja wa mazoezi vinabaki kwa nani.

Na hili la kuitwa msaliti. Nimekuwa katibu, nimekuwa mweka hazina, nimeitwa hivyo mara nyingi kuliko nilivyoitwa kwa jina langu. Itisha kikao cha tawi siku isiyo ya mechi, maana siku ya mechi watu wanazungumza na matokeo. Mpe mzee mmoja kusimamia daftari la michango, na mpe kijana mmoja, yule mwenye maneno makali kuliko wote, kusimamia orodha ya kadi. Yule wa kufuli, kama yupo, ndiye hasa. Ana nguvu na ana usingizi mchache, na kazi ya kugonga milango 129 inataka mtu wa namna hiyo.

Kabla hujaitisha hicho kikao, nitumie picha ya katiba ya klabu, kurasa za uanachama na za mkutano wa dharura. Piga pande zote za karatasi, na hakikisha muhuri wa msajili na tarehe vinaonekana, kwa sababu kuna klabu zinazotembea na katiba mbili, na ile inayosomwa mikutanoni siyo iliyosajiliwa.